Felicitas Kaari, Mkazi wa Kithima

Jumanne tarehe 11 Juni 2024, mwendo wa saa kumi jioni, mke wangu Felicitas Kaari alikuwa ameketi nje ya mlango wetu hapa Kithima, ungo magotini, akichambua njahe, zile fiwi nyeusi za kwetu, akaniambia kwamba njahe za msimu huu zina mawe kuliko za mwaka jana kwa kuwa siku hizi watu wanapuria kando ya barabara, kisha akaokota jiwe moja jeusi lenye umbo la punje kabisa, akaniinulia nilione, akasema, "Baba Kagure, hili lingekumalizia lile jino lako bovu." Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililopita kati yetu, na nimeona nianze nalo kwa sababu yanayofuata si ya kawaida.

Mchungaji, naibu chifu, ndugu wa Laare na ndugu wa Runyenjes, majirani, na nyote mliofika leo Jumamosi tarehe 22 Juni, familia imeamua kwamba historia hii niisome mwenyewe. Nimeomba kipaza sauti kimoja kielekezwe langoni, kwa maana gari la wakurugenzi wa Kampuni ya Ranchi ya Kithima limesimama pale tangu saa tatu, injini ikinguruma, na waliomo hawajashuka. Jumatatu walituma watu wawili kutuambia kwamba katika ardhi ya kampuni hapazikwi mtu. Kibali cha mazishi kimetolewa, kaburi limechimbwa, na mnaliona. Nitawasomea na wao, ili wajue ni nani anayezikwa hapa na kwa nini, kisha wataamua wenyewe kama watashuka.

Felicitas Kaari alizaliwa tarehe 3 Machi 1956 huko Laare, katika milima ya Nyambene, mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu mzee Koome na marehemu mama Mukiri, wakulima wa miraa na viazi vikuu. Laare, kwa msioijua, ni mahali ambapo ardhi imegawanywa na kugawanywa tena hadi jirani akikohoa unaamka wewe, na Kaari alipenda kusema kwamba kwao mtu akipiga chafya watu watatu humwombea heri, ndiyo sababu alipofika huku tambarare kwa mara ya kwanza alikaa wiki nzima akidhani amekuwa kiziwi.

Alisoma shule ya msingi ya misheni karibu na kwao kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, akarudia darasa la saba mwaka 1970 kwa kukosa nafasi, kisha akaendelea na shule ya upili ya wasichana mjini Meru hadi alipomaliza kidato cha nne mwaka 1974. Mwaka 1975 alijiunga na chuo cha afya ya mifugo, Kabete, ambapo wasichana darasani walikuwa wanne tu, na alihitimu mwaka 1977 akaajiriwa na Idara ya Mifugo, akapelekwa Timau, na kutoka Timau akateremshwa huku kusimamia majosho ya kuogeshea ng'ombe katika nyanda za chini. Mama yake alilia, akisema binti yake amepelekwa kuoza mahali pasipo na mtu wa kumposa.

Niseme kidogo kuhusu mahali hapa, kwa ajili ya wageni. Kithima ilikuwa mali ya mzungu mmoja hadi mwaka 1968, iliponunuliwa na kampuni ya wanahisa kutoka milimani, watu wa Meru na wa Embu, waliotoa pesa za miraa na kahawa, wakapata karatasi za hisa, wakaendelea kukaa makwao, huku ng'ombe wakibaki chini pamoja na wachungaji, wakamuaji, mafundi wa ua na familia zao. Tangu hapo uchumi wa Kithima umekwenda njia moja: nyama na maziwa hupanda, mishahara hupanda nyuma yake mwisho wa mwezi, na kinachobaki hapa ni samadi na watoto. Mtu alikuja kijana akastaafu mzee, na siku zote hizo akiulizwa anakaa wapi alijibu Laare, au Tharaka, au Runyenjes. Alipanda kwao kupiga kura, na alipokufa lori la maziwa lilimpandisha akazikwe.

Mimi, Misheck Njagi, nilimkuta hapa tarehe 25 Agosti 1979, asubuhi baada ya usiku wa sensa. Nilikuwa mwanafunzi wa jiografia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwaka wa tatu, nimeajiriwa kusimamia wahesabu wa eneo hili, na nilipofika kwenye kambi ya wafanyakazi nilikuta milango imefungwa kwa kufuli safu nzima, kuku wanatembea, na msichana mmoja mwenye buti za mpira amesimama kando ya josho. Nikamuuliza swali tulilofundishwa, yaani ni nani waliolala hapa usiku wa jana. Akajibu, "Andika ng'ombe. Watu wameenda kuhesabiwa."

Nikamwuliza wameenda wapi.

"Kwao. Walipanda lori jana, wakaimba mpaka likapotea. Wameambiwa mtu ahesabiwe alikozaliwa ndio kwao kuonekane kuna watu."

"Na wewe mbona hukwenda?"

"Kesho ni siku ya kuogesha. Kupe hawajui sensa." Halafu akaitazama kalamu yangu. "Niandike basi, ama unangoja niolewe kwanza?"

Nilimwandika yeye na mlinzi wa lango. Tulifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, kanisani Laare, na mama Mukiri, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kunisamehe kwa kuwa mtu wa Embu, alicheza kuliko wote. Nilikuwa nimeajiriwa kama afisa wa mipango mjini Meru, kwa hiyo nilikaa mjini siku za kazi na kuteremka Kithima kila Ijumaa. Mungu alitujalia watoto wawili, Beth Kagure, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1983, ambaye ni mwalimu Nakuru, na Njura, aliyezaliwa tarehe 17 Oktoba 1986, fundi wa umeme Isiolo, na wajukuu watano, ambao wote wako hapa leo.

Mwaka 1985 watu wa Kithima waliomba zahanati. Ombi lao lilifika katika kikao cha wilaya ambacho mimi nilikuwa mwandishi wake, na mbele ya kikao ziliwekwa hesabu za mwaka 1979, zilizoonyesha kwamba katika eneo lote hili hapakuwa na hata mtu mmoja kwa kila kilomita ya mraba. Mjumbe mmoja akauliza kama tunataka kuwajengea ng'ombe zahanati, watu wakacheka, nami nikaandika kwamba ombi limekataliwa. Ijumaa nilimweleza Kaari. Akaenda kunawa mikono, kwa sababu alikuwa ametoka kumzalisha mke wa mkamuaji kwenye ghala la majani, akitumia glavu ndefu za kuzalishia ng'ombe, kama alivyofanya mara nyingi kabla na baada ya siku hiyo. Wapo hapa watu wazima wenye ndevu ambao mama zao, wakiwakasirikia, huwaambia, "Ndiyo maana, wewe ulipokelewa kama ndama."

Sensa ya mwaka 1989 ilipokaribia alipita mlango kwa mlango akiwaomba watu walale hapa usiku mmoja tu. Walimwitikia kwa heshima, na jioni ilipofika wakapanda lori. Mwaka 1999 hakumwomba mtu. Alitangaza kwamba chanjo ya kimeta itatolewa alfajiri ya tarehe 25 Agosti, siku ile moja tu, kila mfanyakazi alete mwenyewe wanyama wake alioruhusiwa kufuga, na kwamba ng'ombe wa mtu aliyesafiri akifa asimjie analia. Lori lile lilipanda na makopo ya maziwa peke yake. Wahesabu walikuta moshi katika kila jiko, na hesabu ya Kithima ikatoka mara kumi na moja ya ile ya mwaka 1989.

Kulikuwa na malalamiko. Afisa mmoja alikuja kutoka Meru kuuliza kama mama wa mifugo ameongeza watu, na Kaari akampitisha nyumba baada ya nyumba, akimtajia nani alizaliwa chumba gani, mpaka yule bwana akaomba maji ya kunywa. Hakuongeza mtu hata mmoja. Zahanati ilifunguliwa tarehe 14 Julai 2003, na shule ya msingi ikafuata mwaka 2005.

Mwaka 2006 kampuni iligawa sehemu ya ranchi kwa wanahisa, na wafanyakazi waliokuwa wamejinunulia hisa kidogo kidogo, Kaari akiwemo, walipewa vipande vya ekari tano tano upande huu wa chini, wenye mawe, kwa ahadi kwamba hatimiliki zingefuata. Hazijafuata hadi leo. Alistaafu kazi ya serikali tarehe 3 Machi 2016, mimi nikiwa nimestaafu miaka miwili kabla, tukajenga nyumba hii ya mbao, tukafuga mbuzi na ng'ombe wawili, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane tukala chakula cha jioni pamoja siku za Jumatatu.

Mwezi wa Machi 2022 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi akipanda kilima cha josho, na daktari mjini Meru akatuambia kwamba moyo wake umepanuka, kwamba dawa zitamsaidia kwa muda, na kwamba muda huo haujulikani. Tulikubaliana tusimwambie mtu kwanza isipokuwa watoto.

Tarehe 6 Agosti mwaka huohuo kampuni iliita mkutano pale shuleni, ikatangaza kwamba inataka kukodisha upande huu wote wa chini, kipande kimoja kisichokatwa, kwa mtu wa kulima ngano. Majirani waliuliza kuhusu hatimiliki zao. Mwenyekiti, mzee Bundi, ambaye yuko langoni na ananisikia, aliuliza kwa upole kabisa wenyeji wako wapi. Akamgeukia Kaari, "Mama daktari, wewe ni msomi, tusidanganyane. Nyinyi mmekuja kazini. Akifa mtu wenu mnampeleka kwao. Nionyeshe kaburi moja tu la mtu wa huku chini, moja, na mimi mwenyewe nitafuata hatimiliki zenu."

Halikuwepo hata moja. Walikuwepo waliokuwa wamepandisha baba zao, na waliokuwa wamepandisha watoto.

Kaari akasema kutoka kwenye dawati alipokaa, "Nipe muda kidogo, mwenyekiti."

Mkutano mzima ulicheka, na mzee Bundi akacheka naye, akampungia mkono. Mimi sikucheka. Sisemi kwamba maneno ya mzee Bundi yalikuwa ahadi ya kisheria, na jambo la hatimiliki liko mbele ya wanaohusika, lakini yalisemwa hadharani, na mke wangu aliyachukua kwa uzito wote.

Krismasi ya mwaka 2023 tulikuwa Runyenjes, nyumbani kwa kaka yangu mkubwa Mutegi, ambaye ndiye anayetunza shamba la marehemu baba yetu, na baada ya chakula Kaari aliwaeleza watu wote kuhusu ugonjwa wake, akasema kwamba siku yake ikifika azikwe Kithima. Wazee wanajua ni jambo gani aliloliomba. Kwetu Embu, na kwao Meru vilevile, mke hulala katika ardhi ya nyumba iliyomwoa, na nyumba inayomwacha mke wake alale kwingine husemwa kwamba ilimfukuza.

Mutegi alisema, "Mke wa nyumba hii hazikwi malishoni kama ndama."

"Shemeji, ndama hazikwi, huliwa," Kaari akamjibu, na watoto wakacheka, lakini Mutegi alikuwa hajamaliza.

"Kaari, nakuheshimu. Umekuja nyumba hii ukiwa na meno ya maziwa. Nieleze tu jambo moja. Huyu Njagi nafasi yake iko pale kando ya mama, na yako iko kando yake, nimeziacha, sijapanda hata kiazi. Wewe ukilala huko, yeye alale wapi? Tumkate vipande viwili?"

Jibu lilikuwa langu, naye alilijua hilo, na hakunigeukia kunitazama, kwa sababu hakutaka kunilazimisha mbele ya watu wetu. Tuliporudi Kithima hakulirudia neno hilo tena hadi kufa kwake, isipokuwa kwamba mwezi wa Februari, jirani yetu Lydiah alipofiwa na mume, Kaari alimwuliza atamzika wapi. Lydiah alimwambia kwamba watu wa Tharaka wameshatuma gari. Wakakaa kitako pamoja nje, wakalitazama likipanda kilima.

Jioni ile ya tarehe 11, baada ya njahe, alisema kifua kinambana. Muuguzi wa zahanati yetu, Kathure, alifika kwa miguu kabla sijamaliza kumpigia simu, akampa hewa ya oksijeni, akapanda naye kwenye gari la jirani hadi hospitalini Meru, ambako alipokelewa mara moja na kuhudumiwa kwa bidii, lakini moyo ulikuwa umechoka. Felicitas Kaari alifariki saa mbili na dakika ishirini usiku, mimi na Kathure tukiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi wa Meru waliomtibu tangu mwaka 2022, na kwa namna ya pekee muuguzi Kathure, ambaye kila Alhamisi alimpima shinikizo la damu na Kaari akaishia kumpimia mbuzi wake. Ninawashukuru wafanyakazi wenzake wa Idara ya Mifugo, waliofika wengine kwa mkongojo, kanisa, naibu chifu, na ninyi majirani wa Kithima, ambao hamkuwahi kuchimba kaburi, mkakuta murram, ile changarawe ngumu nyekundu, futi mbili chini, mkazima moto wa nyumbani kwenu siku tatu mkibadilishana sululu. Lydiah, niliambiwa kwamba wewe ndiwe uliyepeleka uji shimoni. Asante.

Limebaki jambo moja, nami nalisema kwa sababu ndugu zangu wengine wamefika leo wakiwa na swali lile la Krismasi, na nimewaona wakinong'ona hemani.

Asubuhi iliyofuata, Jumatano tarehe 12, nilimwacha Kaari mochari ya Meru, na badala ya kurudi huku nilipanda gari la kwenda Runyenjes. Nilifika kama saa nne. Mutegi alikuwa amepata habari, na kwa upendo wake alikuwa amekwisha kuita vijana wawili, wamefyeka pale kando ya kaburi la mama, wamepiga vigingi vinne na kufunga kamba. Alinikumbatia. Kisha nilikwenda nyuma ya nyumba yake, kwenye kitalu, nikachukua miche miwili ya kahawa, nikaja nayo, nikaazima jembe kwa mmoja wa wale vijana, nikang'oa vigingi.

"Njagi, unafanya nini hapo?"

"Napanda."

"Hapo ni pa mke wako. Na hapo unapokanyaga ni pako."

"Najua, kaka. Ndiyo maana napanda miwili."

Nilichimba shimo la kwanza, nikapanda mche, nikashindilia udongo. Nilichimba la pili. Vijana walikuwa wamesogea pembeni. Mutegi alisimama juu yangu, ni mtu wa miaka sabini na minne na nilimsikia akipumua, na nilipomaliza mche wa pili, sikuweza kuinuka upesi kwa sababu ya magoti, nikabaki hapo chini nikingoja anilaani, kwa kuwa ni kaka mkubwa na alikuwa na haki.

Alisema, "Mwezi wa sita haupandwi kahawa. Itakauka."

Nikamwambia hiyo ndiyo iliyopo.

Akaenda. Nikasikia bomba la uani likifunguliwa, na ndoo ikijaa taratibu, kwa maana maji ya Runyenjes siku hizo yalikuwa na presha ndogo, kisha akarudi ameibeba kwa mikono yote miwili, akainama, akamwagilia mche wa kwangu kwanza, halafu ule wa Kaari.

Mama Kagure, majirani zako wako hapa, na mimi nitakufuata hapahapa. Lala kwa amani, nyumbani kwako.